Ubao wa Wadaiwa Sugu

Mama alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye darasa la kisomo lililokuwa likifanyika jioni katika ofisi ya tawi la chama. Alianza kwa kuandika jina lake, kisha la baba, kisha majina yetu watoto. Na neno la kwanza alilolisoma nje ya darasa, peke yake, bila mwalimu kumwonyesha kwa kijiti, lilikuwa jina la baba. Lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe ya mafuta juu ya ubao mweusi uliopigiliwa misumari kando ya dirisha la duka la ushirika la mtaa wetu, pale Kariakoo. Mama alikuwa kwenye foleni ya sukari. Akalisoma kwa sauti, silabi moja moja, kama alivyofundishwa, akifurahi kwamba ameweza, na wanawake waliokuwa mbele yake na nyuma yake wote wakamsikia.

Juu kabisa ya ubao ule paliandikwa WADAIWA SUGU. Chini yake palikuwa na methali, Kukopa harusi, kulipa matanga, kwa sababu msimamizi wa duka alipenda methali. Halafu yakafuata majina, na mbele ya kila jina kitu ambacho mwenye jina anadaiwa. Mbele ya jina la baba paliandikwa khanga doti mbili, mafuta ya kupikia debe moja. Mama aliyasoma hayo nayo, polepole, huku amejitanda mojawapo ya khanga zile zile.

Hakuuziwa sukari. Nyumba iliyoandikwa ubaoni haikuuziwa kitu, hata ukija na fedha taslimu. Na miaka ile kila kitu kilipitia duka la ushirika: unga wa sembe, sabuni, mafuta, nguo, mpaka uzi wa kushonea. Nje ya duka walikuwapo walanguzi, lakini bei zao hazikuwa za watu wa nyumba yetu. Basi mama akarudi na kikapu kitupu, akakaa kwenye mkeka, akamwuliza baba, "Umekopa lini?"

Baba akacheka. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Huyu Mnyamwezi huyu," akasema, "leo ameniweza."

Lazima nieleze kwa nini alicheka, maana kila lililotufika lilitoka kwenye kicheko kile. Sisi ni Wazaramo. Msimamizi wa duka alikuwa Mnyamwezi, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakunyang'anya kofia, akala chakula chako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Mtani hakasirikiwi. Na kwenye msiba mtani ndiye mwenye kazi: anachimba kaburi, anapika, anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, na anakamata vitu vya wafiwa mpaka alipwe chochote. Wafiwa wanalia huku wanacheka. Ni desturi nzuri ikiwa mikononi mwa watu wazuri.

Mwaka mmoja nyuma, mama mzazi wa msimamizi alikuwa amefariki hapa hapa mjini, alipokuja kumtembelea mwanawe Ilala. Baba alikwenda kama mtani. Alichimba kaburi na wenzake, kisha akajilaza ndani yake akakataa kutoka, akidai haki yake. Msimamizi, macho yamevimba kwa kulia, akamwambia mbele ya watu wote, "Toka, Mzaramo wewe, kesho njoo dukani uchukue doti mbili za khanga na debe la mafuta, uache kunitesa." Kesho yake baba akaenda. Akapewa kwa mikono miwili. Walitukaniana mpaka mlangoni, wakaagana, na baba akaja nazo nyumbani kama mtu aliyetoka kuoa.

Yule mtu hakuwa ametoa vyake. Alitoa vya duka. Wakaja wakaguzi kuhesabu mali, wakakuta pengo la doti mbili na debe moja, na msimamizi akahitaji jina la kuziba pengo lile. Akaliweka la baba.

Baba hakuyajua hayo. Aliona ni zamu ya mtani kumpiga, naye atamrudishia. Akatuma salamu dukani: "Mwambieni aandike na kazi yangu, nipate wateja." Msimamizi akapeleka salamu zake: kama baba hatalipa, ataandika na idadi ya meno yake. Wiki zikapita hivyo, watu wawili wazima wakirushiana maneno kupitia wapita njia, na sisi tukinywa chai ya chumvi. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, napakua mizigo bandarini, na nilianza kuuchukia utani wao kabla baba hajaanza kuushuku.

Msimamizi huyu, mbali na kuuza dukani, ndiye aliyekuwa mdai. Kamati ya ushirika ilimkabidhi kazi ya kuzunguka mtaani kila Jumamosi kukusanya madeni, kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa mrefu, ana meno mazuri, na anajua kuyaonyesha. Alisimama kwenye mlango wa nyumba akapaza sauti: "Hodi humu! Mmekufa, au mnameza mali ya umma?" Mtaa mzima ukacheka. Mdai wa kawaida unaweza kumfungia mlango, unaweza hata kumkunjia ngumi. Huyu, nusu ya mtaa walikuwa watani zake. Kamati ilijua inachofanya.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwa Mhindi mmoja muuza vitambaa, Mhindu mzee, ambaye siku hizo rafu zake zilikuwa wazi tupu. Kazi ya baba ikabaki kugeuza kola za mashati yaliyochakaa, upande uliolika uende ndani, na kutia viraka. Kifua kilipoanza kumbana tulidhani ni vumbi la nguo za zamani. Kikaendelea. Akawa anarudi nyumbani mapema, kisha akawa haendi kabisa. Ndipo siku moja akaniita kitandani, hacheki, akasema, "Nenda kazungumze na mtani. Mwambie utani umekwisha, anifute."

Nilikwenda. Foleni ilikuwa imezunguka kona, wengine wameacha mawe kuwawekea nafasi. Nikapita mpaka dirishani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mtani mdogo. Umeleta?"

"Nimeleta maneno."

"Maneno hatupimi hapa. Tunapima sukari, na sukari yenyewe imekwisha."

Foleni ikacheka. Nikamweleza kwamba baba ni mgonjwa, kwamba vile vitu alipewa msibani, kwamba yeye mwenyewe alimwambia achukue.

"Nilimwambia achukue," akasema huku anawatazama watu badala ya kunitazama mimi. "Nilimwambia asilipe?"

Wakacheka tena. Mwanamke mmoja akanigonga bega kwa mapenzi, "Usinune, mwanangu, hao ni watani." Laiti ningejua namna ya kumwambia kwamba sikununa. Nilitaka kuvunja lile dirisha.

Kutoka pale nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mpole, aliyekuwapo msibani siku ile na aliyesikia kila neno. Nikamwomba aje atoe ushahidi kwenye kamati. Akafikiri sana, akijisugua goti.

"Nilisikia," akasema, "lakini nilichosikia ni utani, mwanangu. Nikienda kamatini nikasema mtu alitoa mali ya duka kwa utani, wataniuliza kama nina akili timamu. Utani hauna shahidi."

Nikamwambia basi hauna na deni. Akasema hilo ni kweli, na kwamba niende salama.

Nilimrudishia baba majibu. Miguu yake ilikuwa ikicheza chini ya shuka, mmoja mbele mmoja nyuma, kama inakanyaga cherehani. Ilikuwa ikifanya hivyo siku zote alipofikiri. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Sanda kwa bei ya halali ilikuwa ikipatikana duka la ushirika tu. Mtaa wa pili walikuwa wamemzika mzee mmoja kwa shuka lake la kulalia, lenye maua, kwa sababu nyumba yake ilikuwa ubaoni na mlanguzi alitaka bei ya ng'ombe.

"Sanda yangu iko nyuma ya ule ubao," baba akasema. "Sitaki kwenda na maua."

Mama alisikia. Alikuwa mlangoni na sufuria. Hakulia, aliweka sufuria chini, akavua ile khanga, akaikunja vizuri, akanipa. "Mrudishie," akasema. Ilikuwa imeshafuliwa mara nyingi na pembe moja imechanika. Yule mtu asingeipokea hata kwa kudekia, nami nilijua, lakini niliichukua kwa sababu sikuweza kumwambia mama hapana.

Jumapili nilikwenda nyumbani kwake Ilala. Nilitaka nimpate bila foleni, maana mtu yule bila watu wa kumchekea alikuwa mtu mwingine. Na kweli alikuwa mwingine. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaitazama khanga iliyokunjwa magotini mwangu, hakuisemea. Mkewe akaleta chai. Ilikuwa na sukari. Ilikuwa na sukari mpaka midomo ikanata, na mimi nilikuwa na miezi sijaonja. Niliinywa yote, nikamchukia zaidi kwa jinsi ilivyokuwa tamu.

"Sikiliza," akasema. "Wakaguzi walinikalia kooni. Watu wanafungwa kwa katoni ya sabuni. Nina watoto watano. Ningesema nimetoa bure, leo ungekuwa unaniletea uji gerezani. Ungeniletea?"

Nikasema nisingemletea.

"Basi tumeelewana." Hapo ndipo nilipogundua kwamba anajua kila kitu, kwamba hakuna alichosahau wala kukosea. "Nikimfuta baba yako hivi hivi, lile pengo linarudi kwangu. Kwa hiyo atalipa. Na kuna faini ya kamati."

Akataja fedha. Faini peke yake ilizidi bei ya vitu. Nikaomba tulipe kidogo kidogo, kila nikipokea mshahara. Akakataa. Nikaomba tulipe deni sasa, faini baadaye. Akakataa, akasema jina halifutwi nusu. Nikamwuliza faini ilipitishwa kikao gani. Akaniambia nikitaka vikao niende kwenye vikao, nije hapa tena baada ya mwaka. Tulivutana hivyo mpaka chai ikapoa kwenye birika, na kila nilipopunguza yeye aliongeza, mpaka nikaogopa kufungua mdomo.

"Na jambo moja zaidi," akasema. "Aje mwenyewe. Asimame mbele ya wanachama aseme alichukua vitu vya duka bila kulipa. Wakaguzi wana masikio mtaani. Wanataka kusikia mtu, hawataki risiti."

"Baba hawezi kusimama."

"Aje amekaa."

Nikamwambia mama atakuja badala yake. Hapana. Nikamwambia balozi aje nyumbani, baba aseme mbele yake. Hapana. Nikamwambia kwamba baba alimchimbia mama yake kaburi.

Akatazama mlango alikotokea mkewe. "Alichimba vizuri," akasema. "Jumamosi, kabla ya saa nne. Watu ndio huwa wengi."

Khanga nilirudi nayo.

Cherehani tuliiuza kwa yule Mhindu mwenye baraza. Alilipa bei ya haki bila kubishana, na hakuitoa mahali pake. Aliifunika gunia pale pale ilipokuwa. "Fundi akipona atakuja shona," akasema. Hakuwa akiniangalia. Fedha ile ililipa deni na faini, ikabaki kidogo, nayo mama akaifunga kwenye pindo la khanga, fedha ya sanda. Naiita hivyo kwa sababu tulijua sote ni ya kazi gani.

Jumamosi nilikodi mkokoteni. Tulitandika gunia, tukamketisha baba amevaa kanzu nyeupe na kofia aliyoitarizi mwenyewe, mama akawa anatembea kando akimshika bega asiyumbe. Barabara za kule kwetu zilikuwa na mashimo, na kila shimo baba alifumba macho. Watu walimsalimu njiani. Walidhani anapelekwa hospitali, wakampa pole, naye akawaambia anakwenda kumwona mtani. Wakatabasamu.

Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote kwa sababu mafuta yalikuwa yameingia. Msimamizi akatoka nje, akasimama chini ya ubao, akapiga makofi mara mbili. "Wanachama! Mzaramo wangu kaja na gari lake! Ana neno!"

Wakaanza kucheka kabla baba hajafungua kinywa. Baba akajinyoosha. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri, nilimsikia akiyarudia.

"Ndugu wanachama," akasema. "Nilichukua doti mbili za khanga na debe moja la mafuta katika duka hili. Sikulipa. Nimekula mimi na mke wangu. Mimi ni mwizi wenu, na naomba radhi."

Sijapata kusikia watu wakicheka vile. Walicheka wameshikana mabega. Wale wawili walijulikana mtaa mzima, na hapa mmoja amebebwa kwa mkokoteni amevaa kanzu ya Idi aje kukiri wizi. Utani gani ungepita huo? Msimamizi naye akacheka, ameinamia magoti. "Kakiri!" akapiga kelele. "Mzaramo kakiri! Mfungeni kabla hajalala!"

"Si utani," baba akasema.

Wakacheka zaidi.

"Jamani, si utani. Ninasema kweli."

Kikohozi kikamshika. Alikohoa amekunja kifua, na kijana mmoja kwenye foleni, mwenye debe tupu mkononi, akamwiga. Aliiga vizuri sana. Mama alikuwa amesimama kando ya gurudumu, na nikaona anawatazama watu wale mmoja mmoja, majirani zake aliowapikia kwenye harusi na misiba, kana kwamba anajifunza nyuso zao upya. Hakuna aliyekuwa mbaya kati yao. Ndiyo sababu sikuwa na wa kumpiga.

Msimamizi akalipwa. Akahesabu, akatia mfukoni, akaleta kitambaa chenye petroli na kufuta jina la baba. Rangi ya mafuta haitoki upesi. Alisugua kwa nguvu, herufi moja baada ya nyingine, akifanya na mzaha wa kutoa jasho. Baba alimtazama mpaka herufi ya mwisho. Akavuta pumzi akasema, "Twendeni." Njia nzima ya kurudi alikuwa mchangamfu. Alimwambia mama kwamba sasa ni msafi, anaweza kuuziwa hata sabuni. Usiku ule alikula.

Alifariki kabla ya Jumamosi nyingine kufika, asubuhi, mama akimwosha uso.

Nikaenda kuchukua sanda na zile fedha za pindoni. Msimamizi aliponiona alijua. Akajishika kichwa kwa mikono miwili, akatoka nje ya duka, akalia. Sisemi aliigiza. Machozi yalikuwa machozi, na kamasi zilikuwa kamasi. "Mtani wangu kafa! Nani atanitukana sasa?" Kisha akaingia ndani, akashusha jora la bafta, akapima mwenyewe kwa yadi, akaongeza, akakata. Nikaweka fedha dirishani. Akazisukuma.

"Unanitukana. Mtani huvishwa na mtani. Huo ndio ubani wangu."

Nikazirudisha. Akazisukuma tena. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba nataka kulipa. Wanawake wa foleni wakaniingilia: "Pokea, mwanangu. Usimvunjie heshima. Ni mtani wake." Sanda ilikuwa mkononi mwangu, nyeupe, haina ua hata moja, na baba alikuwa nyumbani amelala akiingojea. Nikatia fedha mfukoni. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa aliyeamini naye akaamini.

Msikitini, kabla ya kumsalia, shehe aliuliza kama ilivyo desturi: nani anamdai marehemu? Nikasimama nikasema mwenye kumdai baba aje kwangu, mimi ndiye mwanawe. Watu wakamgeukia msimamizi, wakingoja mzaha. Yeye akainua viganja vyote viwili juu. "Hatudaiani," akasema. Nusu ya msikiti ilimsikia.

Makaburini alifika kabla yetu. Tulipoweka jeneza chini alikuwa tayari amelala ndani ya shimo, chali, mikono kifuani, kama baba alivyofanya kwenye msiba wa mama yake.

"Sitoki!" akapaza sauti kutoka chini. "Hii ni nyumba yangu. Marehemu haingii mpaka nilipwe kodi!"

Watu wakacheka huku wanafuta macho. Wakamrushia sarafu. Akaziokota, akazihesabu kwa sauti, akalala tena. "Bado mtoto wa marehemu. Yeye hajatoa kitu. Mtoto wa marehemu bakhili!"

Nilikuwa nimesimama ukingoni. Kando yangu palikuwa na koleo limechomekwa kwenye udongo. Nikalichukua.

"Niandike ubaoni," nikasema.

Wakacheka sana. Lilikuwa jibu zuri. Hata yeye alicheka, nikaona yale meno. Nikajaza koleo nikamwagia miguuni. Wakacheka. Nikajaza tena, nikamwagia tumboni. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Damu ya baba yake hiyo!" Koleo la tatu lilimkuta usoni, bado amefungua mdomo. Akakohoa. Alikohoa amekunja kifua, na wapo waliocheka kikohozi kile pia. Akajifuta, akanitazama, nami nikamtazama, na katika watu wote waliokuwa pale ni sisi wawili tu tuliojua.

"Inatosha, mtani," akasema.

Nikaendelea. Alijaribu kuinuka, udongo ukamrudisha. Ulikuwa ni mchanga wa kule, mwepesi, unaingia kila mahali. Akashika ukingo, nikammwagia vidole. Shehe ndiye aliyenishika mkono, naye akitabasamu, akisema basi kijana, marehemu anangoja. Wakamvuta juu. Alisimama ametapakaa mchanga nywele, nyusi, masikio, anautema, na watu wote wanamtazama. Akacheka. Ilimbidi acheke. Mtani hakasirikiwi, na mtani hakasiriki, na mbele ya mtaa mzima hakuwa na ruhusa ya kufanya kingine. Nilimwona anacheka huku machozi ya mchanga yanamtoka, na sijutii mpaka leo. Ndiyo furaha pekee niliyoipata mwaka ule.

Tukamzika baba, ndani ya bafta safi, kama alivyotaka.

Baada ya hitima mama alisema twende dukani, tumalize mambo ya watu waliotuazima vyombo na vikombe, tuwanunulie angalau sabuni. Alikuwa kwenye eda na wanawake walimzuia, lakini akasema anakwenda mpaka kona tu, na mimi nimsindikize. Nadhani alitaka kuuona ule ubao ukiwa mtupu. Alikuwa amejitanda kaniki, ananitegemea mkono.

Foleni ilitupisha kwa heshima ya msiba. Tukafika dirishani. Ubao ulikuwa pale, na mahali alipofutwa baba palikuwa pamepakwa rangi nyeusi upya. Juu yake paliandikwa jina langu. Rangi bado inanata.

Mama akasimama. Akaanza kusoma, silabi moja moja, kidole hewani. Alisoma jina langu. Kisha akasoma lile linalofuata, kwa sababu mtu huandikwa kwa jina lake na la baba yake, na mimi sina baba mwingine. Akalirudia jina la baba mara ya pili kuhakikisha. Halafu akasoma mbele yake, anachodaiwa.

"Sa-nda."

Msimamizi alikuwa dirishani, mikono juu ya mizani. Hakuonyesha meno. Nilikuwa na zile fedha mfukoni, hazijapungua hata senti, nikazitoa nikaziweka. Akaniambia polepole kwamba sasa kuna faini.

Mama akamgeukia. Akasema, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuagiza sukari, "Basi, mtani, twende tukamfukue umvue."

Foleni nzima ikacheka.